Mama Machteld na Mtungi wa Teriaka

Kila asubuhi, kabla mbao za madirisha hazijafunguliwa, Mama Machteld alipita mbele ya rafu za duka akiipiga mitungi kwa ukucha. Hakuipiga ubavuni. Aliipiga mdomoni, juu ya kile kibofu cha nguruwe kinachoufunika, ukucha ukifyatuka kutoka kwenye dole gumba: ti, ti, ti, ti. Akimaliza rafu ya chini anapanda kigoda, anarudi na ya juu. Hakuna aliyethubutu kufagia wala kukohoa mpaka amalize, maana alikuwa anasikiliza.

Mitungi ya dawa haina vifuniko. Mdomo wake umekunjwa kwa nje ili kamba ipate pa kushika. Unaloweka kibofu, unakivuta juu ya mdomo kikiwa kibichi, unakifunga, unakiacha kikauke. Kikikauka kinakaza kama ngozi ya ngoma. Sasa mtu akifungua, akachota, akafunga tena upesi upesi bila kuloweka, kibofu hakikazi tena. Ukikipiga kinakujibu kivivu: tup. Mama Machteld aliitafuta hiyo tup kila siku ya Mungu, na mimi nadhani asubuhi asipoisikia alisikitika kidogo.

Hakunizaa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado na meno ya utoto, na baba yangu, Gerbrand muuza dawa, akamwoa Machteld, binti wa mpekuzi wa lango la mji. Kazi ya mpekuzi ni kusimama langoni na chuma kirefu, kuchoma kila gari la majani na kila gunia, kuona kama kuna kipipa cha pombe kali kinachoingia Delft bila kulipiwa ushuru. Machteld alikulia kwenye kibanda cha langoni. Alipopata nguvu ya kushika kile chuma, baba yake akamwachia magari madogo. Mpaka leo watu wazima wa mtaa wetu wanakumbuka jinsi alivyomsimamisha mjane mmoja aliyekuwa anakwenda kuzika, akamwambia apandishe sketi. Chini ya sketi kulikuwa na kipipa.

"Machozi yalikuwa ya kweli," alikuwa akitusimulia, akikata mkate. "Sisemi alikuwa anaigiza. Lakini na pipa lilikuwa la kweli."

Baba alicheka sana kwa hadithi hiyo. Yeye alikuwa mtu wa kuacha milango wazi. Nafikiri alimwoa kwa sababu hiyo, kama vile mtu mwenye nyumba ya kuvuja anavyomwoa fundi wa mapaa.

Kisha baba akafa kwa homa ya kifua, na duka likabaki mikononi mwa Mama Machteld. Sheria ya chama cha wauza dawa ni hii: mjane anaruhusiwa kuendelea na duka la mumewe, ila kwa mambo mawili. Kwanza awe na mchanganya dawa aliyefanya mtihani na kula kiapo mbele ya chama. Pili, mitungi yake iseme kweli. Yaani kilichoandikwa nje ndicho kiwe ndani. Maandishi ya mitungi yetu hayafutiki, yamechomwa tanurini pamoja na mtungi wenyewe, rangi ya buluu juu ya weupe, na tausi wawili juu ya maandishi, na uso wa malaika mwenye mashavu chini yake. Mitungi hiyo ilikuwa ya babu ya baba. Wakuu wa chama huja kukagua bila kupiga mbiu, na mjane akikutwa na mtungi mwongo, haki yake ya duka imekwisha siku hiyo hiyo.

Mama Machteld hakuwa na kitu kingine. Kibanda cha langoni kina mpekuzi mwingine sasa. Kwa hiyo alilichunga duka kama alivyolichunga lango.

Wachanganya dawa hawakukaa. Mmoja alimfukuza kwa sababu alikuwa anapiga mluzi. "Mtu hapigi mluzi ila ana la kuficha ndani ya kimya," alisema. Mwingine alikuwa mpole kupita kiasi. Wa tatu aliondoka mwenyewe, baada ya kukuta majivu yamemwagwa mbele ya mlango wake ili nyayo zake zionekane. Kisha akaja Hessel.

Hessel alikuwa Mfrisia, mtu wa Friesland kaskazini, mrefu, kichwa cheupe kama kitani, mwenye mazoea ya kukaa mezani akiegemea ukuta. Chama kilimtuma, na Mama Machteld hakuwa na la kuchagua. Alimpokea kwa kumgeuza mifuko.

"Bi mkubwa, ni mkate tu huo," Hessel alisema.

"Naona ni mkate. Mbona umeumwa upande mmoja?"

"Nimeuma mimi."

"Tutaona."

Krijntje, mpishi wetu, ambaye alinilea na hana mdomo wa kufunga, alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu mama siku akifa," aliniambia tukiwa jikoni, "malaika wa mlangoni ajiandae. Atapekuliwa mabawa."

Hessel alikuwa na majibu ya pole pole ambayo yalimkera Mama Machteld kuliko matusi.

"Umelala vipi, Hessel?"

"Kama jiwe, bi mkubwa."

"Jiwe halikohoi. Nimekusikia ukikohoa."

"Basi jiwe lenye mafua."

Alimtazama kwa muda mrefu. Alitaka kujua mafua hayo yalitoka wapi, na kama Hessel alikuwa ametoka nje, alitoka kwenda kwa nani. Hessel akaendelea kuponda mbegu zake kwenye kinu.

Siku niliyoisikia ile tup na mimi ilikuwa Novemba, asubuhi ya ukungu, taa bado inawaka. Ti, ti, ti, akapanda kigoda, ti, ti, tup. Akasimama. Akapiga tena. Tup. Ulikuwa mtungi mkubwa wa katikati, ulioandikwa THERIACA.

Kama kuna mtungi mmoja wa kutoguswa dukani kwetu ni huo. Teriaka ni dawa ya sumu, ya tauni, ya kukosa usingizi, ya tumbo. Ndani yake mna nyama ya nyoka, afyuni, asali, mvinyo, na mizizi mingi kuliko ninayoweza kuitaja. Haipikwi jikoni kwa mtu. Baba aliipika hadharani, mbele ya jumba la kupimia mizigo, vitu vyote vimepangwa juu ya meza ili madaktari na kila mpita njia aone kwamba hakuna ulaghai. Nilibebwa mabegani nikaona. Ile ya mtungini ilikuwa ya mwisho aliyoipika yeye, nyeusi kama lami, na huuzwa kwa ncha ya kisu.

Mama Machteld aliushusha mtungi, akauinamia, akaingiza unyasi kupima. Teriaka ilikuwa imeshuka. Alama yake ya zamani ilionekana kwenye ukuta wa ndani, kama mto uliopungua maji. Hakupiga kelele. Aliufunga upya kwa kibofu kibichi, akaurudisha, akageuka akatutazama mmoja mmoja: Hessel kwenye kinu, Krijntje na ndoo yake, mimi na ufagio.

"Kufa hatufi," Krijntje alinong'ona, "lakini leo tutakula uji wa baridi."

Tangu siku hiyo nyumba ikabadilika. Mama Machteld akawa anaingia chumbani bila viatu vyake vya mti, ili tusimsikie. Hessel akachelewa kurudi kutoka kununua limau, akaulizwa njia aliyopita, na mtaa gani, na mbwa gani alimkuta kwenye mtaa huo. Na mimi, ambaye nilikuwa namtazama Hessel kwa kuambiwa na Mama Machteld, nilijikuta namtazama yeye kwa hiari yangu. Nikajiuliza: funguo zote za duka ziko kiunoni mwake. Nani anaweza kuchota bila yeye kujua, kama si yeye?

Jumapili yake alisema jino linamuuma, haendi kanisani. Alijifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, akakaa karibu na moto akiguna. Tukaondoka sisi watatu. Tulipofika darajani Krijntje akakumbuka kwamba tumesahau kisanduku cha makaa cha kuwekea miguu, na bila makaa huwezi kukaa kanisani mwetu mwezi huo, utaondoka na miguu ya kuazima. Nikarudishwa mimi.

Nyumba ilinukia plamu. Nilivua viatu vya mti mlangoni, kwa sababu na mimi nilikuwa nimejifunza. Kati ya jikoni na duka kuna mlango wenye vioo vidogo. Mama Machteld alikuwa dukani, kitambaa cha jino bado kichwani, lakini hakuwa anaguna hata kidogo. Alikuwa amekata kamba ya mtungi wa teriaka. Kwa kijiko cha pembe alikuwa anakomba dawa ya baba yangu na kuihamishia katika mtungi ulioandikwa jina la waridi, ambao ulikuwa mtupu tangu kiangazi. Kisha akachukua sufuria, akamimina kitu cheusi kizito kwenye mtungi wa teriaka. Plamu zilizochemshwa na asali nyeusi ya miwa. Ukiziona kwa macho huwezi kuzitofautisha. Akavuta kibofu kibichi, akafunga kamba, na kabla ya kukaza fundo akang'oa unywele mmoja kutoka chini ya kile kitambaa akaupitisha katikati ya fundo.

Nilichukua kisanduku cha makaa nikarudi kanisani. Sikumsikia mhubiri. Nilijua sasa, au nilidhani najua: anaiuza. Anahamisha mali ya baba, kesho kutwa itatoka kwa mlango wa nyuma, na lawama atamvisha Mfrisia.

Mezani jioni ile ungetuona ungecheka. Yeye anamtazama Hessel. Mimi namtazama yeye. Hessel, aliyekwisha hisi kwamba kuna jambo, ananitazama mimi, kwani mimi ndiye niliyechelewa kufika kanisani. Krijntje aliweka bakuli katikati akasema, "Haya, kuleni. Au mnataka nionje kwanza kama kwa wafalme?"

"Onja," Mama Machteld alisema.

Akaonja kweli.

Siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Hessel aliweka kinu chini ghafla, akashika tumbo, akatoka mbio kwenda choo cha uani. Akarudi mweupe. Hakukaa, akatoka tena. Mama Machteld alikuwa anashona karibu na dirisha. Sindano yake ilisimama. Sijawahi kumwona na uso ule, uso wa mtu aliyechoma gari la majani akasikia chuma kimegonga pipa.

Akanishika mkono akanivuta kwenye chumba cha akiba.

"Wewe umekwenda chooni mara ngapi leo?"

"Mama?"

"Jibu."

"Asubuhi tu. Kama watu wote."

Akanichungulia machoni, akaniachia. Ndipo aliponiambia. Zile plamu alizipika na sanamaki, dawa ya kuharisha, tena nyingi, ya kumtikisa ng'ombe. Mwizi wa teriaka atajichotea, atalamba, na tumbo lake ndilo litakalomshitaki. Teriaka ya kweli iko salama kwenye mtungi wa waridi. "Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe. Nimekwambia kwa kuwa tumbo lako limetulia."

Nilijisikia mwepesi na nikajisikia mjinga. Lakini kuna jambo nililiona, nikalisema. "Mama, Hessel amekula ile heringi ya juzi. Iliyobaki kwenye sahani. Mimi nilimpa paka, paka akaikataa."

"Umeanza kumtetea?"

"Nasema tu samaki—"

"Aagje." Alisogea karibu. "Amekupa nini?"

Kwa Mama Machteld ukimtetea mtu basi mmegawana.

Hakumfukuza siku ile. Alitaka amkamate na kijiko mkononi, mbele ya shahidi, kwa sababu akimtoa mtu aliyetumwa na chama bila ushahidi, chama hakitamtumia mwingine. Nilimwambia arudishe teriaka mahali pake angalau, wakaguzi wakija je? Akasema wakaguzi huanza sokoni, kwenye maduka makubwa. Tangu mama yangu mzazi hajafa wanaanza sokoni. Wakitokea huko, mtaa mzima unajua kabla ya wao kufika kwetu, na kubadilisha mitungi miwili ni kazi ya kuimba zaburi moja. Alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa kwamba mtu anaweza kuanza upande mwingine.

Asubuhi ya siku iliyofuata alipita kama kawaida. Ti, ti, ti. Akapanda kigoda. Ti, ti, tup.

Mtungi wa teriaka. Kibofu alichokifunga mwenyewe Jumapili, kikakauka vizuri, sasa kimelegea.

Aligeuka akiwa bado juu ya kigoda. "Hessel," alisema, taratibu kabisa, karibu kwa upendo. "Hebu njoo hapa."

Na mlango ukagongwa.

Alikuwa Bwana Verbrugge, mkuu wa chama, na Daktari Pauw nyuma yake, koti lake limelowa ukungu. "Amani kwa nyumba hii," Bwana Verbrugge alisema, akifuta miguu. "Mwaka huu tumeona tuanze na nyinyi wa mwisho. Daktari anasema kila mwaka tukifika huku amekwisha choka, haonji tena, anameza."

"Mwongo," Daktari Pauw alisema. "Nilisema nimeshiba."

Mama Machteld alishuka kigodani. Nilimwona akitazama mtungi wa waridi, kisha wa teriaka, kisha mlango. Hakukuwa na wakati hata wa mstari mmoja wa zaburi.

"Mabwana watakunywa bia ya moto kwanza," alisema. "Krijntje!"

"Baadaye, Machteld. Tuanze na teriaka ya marehemu Gerbrand. Nilikuwepo siku anaipika, sijaona yenye harufu kama ile." Na kwa kuwa ni mtu mrefu, aliinua mikono akaushusha mwenyewe, akauweka juu ya meza. Hessel alisimama pembeni, mikono nyuma, kama inavyompasa mtu wa kiapo. Hakuwa na wasiwasi. Kwa nini awe nao?

Bwana Verbrugge alikata kamba kwa kisu kidogo, akapitisha dole gumba chini ya mdomo wa mtungi ili akitoe kile kibofu, na papo hapo akaruka. "Ah!" Damu ilikuwa inamtoka. "Mtungi wako unauma!"

Akauelekeza dirishani. Pale chini ya mdomo, mahali kamba inapokaa, ule weupe wa kung'aa ulikuwa umebanduka, kipande kama ukucha wa mtoto, na udongo wa manjano ulionekana. Wafinyanzi wa mji wetu wana neno kwa hilo, wanasema mtungi umeliwa na panya. Ukingo wake ulikuwa mkali kama kioo.

"Tazama," alimwambia Daktari, akinyonya kidole. "Na kibofu hiki kimekatwa hapa hapa. Kila kikikauka kinajivuta, kikijivuta kinajikata chenyewe. Machteld, huu hauwezi kukaza hata ukiufunga kwa minyororo. Hewa inaingia, dawa inakauka, inashuka. Utauza lami badala ya teriaka."

Mama Machteld alikuwa ameokota ile kamba iliyokatwa. Aliishika karibu na macho. Fundo lilikuwa zima, na unywele wake, wa kijivu, ulikuwa bado umo katikati ya fundo, haujakatika. Hakuna mkono uliokuwa umeufungua. Si jana, na pengine si siku ile ya kwanza. Nilimwona akielewa. Ilianza mdomoni, ikapanda polepole.

Kisha Bwana Verbrugge akachovya kijiko, akaonja.

"Hii ni plamu."

Daktari Pauw akanyoosha mkono kuchukua kijiko. "Haiwezekani."

"Plamu na asali nyeusi. Hessel." Sauti yake haikupanda. "Wewe umekula kiapo kwa kila mtungi wa duka hili. Kwa nini mtungi wa teriaka una plamu?"

Hessel alitazama mtungini. Uso wake mweupe uligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Sijui, bwana."

"Hujui."

"Sijui. Ilikuwa teriaka. Niliiuza mwenyewe, mwezi uliopita."

"Mchanganya dawa asiyejua kilicho ndani ya mtungi wake ni nani, Daktari?"

"Mtu wa kutafuta kazi nyingine," Daktari Pauw alisema, si kwa furaha. "Na hataipata. Si hapa, wala Leiden, wala kwao Friesland. Habari zitamfuata."

Hakuna aliyenitazama mimi. Nilikuwa najua, na nilikuwa nimekwisha fungua mdomo, lakini Mama Machteld aliinua kiganja kunielekea bila kugeuka, kama mtu anayelizuia gari. Angeweza kunyamaza. Hilo nataka lijulikane. Mfrisia angeondoka na aibu yake, chama kingemwonea mjane huruma kwa kutapeliwa, kingempa mwingine. Duka lingebaki lake.

Daktari Pauw, ambaye anapenda vitu vitamu, alijaza kijiko akakipeleka mdomoni.

"Usimeze, Daktari," Mama Machteld alisema. "Ina sanamaki."

Kijiko kilisimama.

"Na wewe umejuaje?" Bwana Verbrugge aliuliza.

"Kwa sababu nimeitia mimi. Kijana huyu hajui lolote. Teriaka iko pale, kwenye mtungi wa waridi. Nilikuwa namtegea mwizi."

"Mwizi gani?"

Aliuangalia mdomo wa mtungi ulioliwa na panya. "Hakuna," alisema.

Krijntje alikuwa ameingia na bia ya moto, akasimama na sinia mikononi.

Bwana Verbrugge alikaa. Alimfahamu baba, na nadhani alitafuta njia, kwa sababu alikizungusha kijiko mara nyingi. Lakini mitungi miwili ilikuwa inasema uongo, mmoja teriaka yenye plamu, mwingine waridi yenye teriaka, na mgonjwa angeweza kuuziwa chochote kati ya hivyo Jumatatu au Jumanne.

"Machteld, unaijua sheria kuliko mimi. Duka litafunguliwa kama kawaida, Hessel ataliendesha kwa jina la binti wa Gerbrand. Wewe ubaki nyumbani humu, hakuna atakayekutoa, mahali pako mezani ni pako. Ila mitungi usiiguse tena. Na funguo mpe Hessel." Akageuka. "Hessel, utaangalia hilo."

"Bwana, mimi siwezi kumwangalia bi mkubwa—"

"Utaangalia."

Mama Machteld alifungua funguo kiunoni. Hazikutoka upesi, zilikuwa zimezoea kukaa pale. Aliziweka juu ya meza, karibu na mkono wa Hessel lakini si ndani yake.

"Ile heringi," alimwambia. "Jumanne. Ilikuwa heringi?"

Hessel hakuelewa anachoulizwa. "Ilikuwa mbaya, bi mkubwa. Sikutaka kumkosea Krijntje."

"Nisamehe," Krijntje alisema, na sikujua anamwambia nani.

Mama Machteld alitikisa kichwa kidogo. Akachukua shali yake kwenye msumari. Mimi nikamfuata mpaka kizingitini.

"Mama, unakwenda wapi? Amesema ukae."

"Nimemsikia."

"Basi kaa. Hessel hatakuangalia. Unamjua."

Aliniwekea shali yangu sawa begani, mimi, wakati aliyekuwa anatoka ni yeye. "Ataangalia, Aagje. Ameambiwa. Leo hataki, kesho atatupia jicho moja, keshokutwa atasimama nyuma ya mlango bila viatu. Mimi ninajua inavyokuja. Sikai katika nyumba ambayo wa kuchungwa ni mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe tumbo lako limetulia," alisema, na karibu acheke.

Alivaa viatu vyake vya mti, akavuka daraja. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka mferejini, na wanawake wa samaki walikuwa wanapanga meza zao. Mmoja alimsalimu. Aliitikia. Alishika njia ya lango la kusini, linaloonekana kutoka mlangoni petu, si haraka, bila mzigo wowote mkononi, na alipofika langoni nilimwona mpekuzi, kijana mgeni mwenye chuma kirefu, akimsogelea. Mama Machteld alisimama. Alifungua shali yake pande zote mbili, akamwonyesha, na yule kijana akampisha.

Krijntje alimwekea sahani mchana ule, na jioni, na Jumapili yake. Sasa ni masika, mitungi iko mahali pake, na sahani tumeacha kuiweka.